Watakaobaki

Nina daftari la miraba, lile la hisabati, na ndani yake zimo timu ambazo hazijawahi kucheza. Kila Jumapili mchana, nguo zikiwa kwenye kamba na Sabato ikiwa imeshapita salama, nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya nyumba ya mwalimu niliyopewa na shule, nikachora. Upande wa kushoto wa ukurasa niliweka timu ya mwaka huu, upande wa kulia ya mwaka ujao, na nikiwa na furaha niligeuza ukurasa nikachora hata ya mwaka wa tatu. Mabeki hawakunisumbua. Msichana yeyote mkaidi anaweza kuwa beki, na mimi wakaidi nimewafundisha wengi. Washambuliaji ndio wa kupangwa mapema, kwa sababu mmoja akimaliza kidato cha nne huondoka na nusu ya akili ya mwenzake.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Awendo. Mpira wa magongo nilipewa kwa kuwa niliucheza nikiwa msichana upande wa Homa Bay, kisha nikafanya kosa la kulitaja jambo hilo kwenye chumba cha walimu. Uwanja wetu umeinama. Ukisimama kwenye goli la juu unaweza kuuweka mpira chini na kuuacha ujipeleke wenyewe mpaka katikati. Lori la miwa likipita barabarani mazoezi husimama, kila mtu akitazama kama kuna muwa utakaoanguka, na kipenga changu hakisikiki mpaka lori lipite. Hata hivyo tulikuwa tunashinda. Nasema hivyo bila haya kwa sababu mengine yote nitakayosema hapa ni ya haya.

Gongo la mchezo huu lina upande mmoja tu wa kupigia, ule ulio bapa, na limetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Kwa hiyo winga wa kushoto ana taabu kuliko wote. Mpira humjia upande usiofaa, naye hana budi kuligeuza gongo na kuupokea kwa ncha yake. Wengi huukosa. Katika miaka yangu yote shuleni nimempata mmoja tu ambaye hakuukosa.

Nitamwita Kumi na Moja, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa namba ya jezi yake na hata uwanjani nilimwita hivyo. Alitoka Karungu. Aliingia kidato cha kwanza akiwa mkubwa kuliko wenzake, maana nyanya yake aliugua kwa miaka miwili na yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza, huku mama yake akiuza samaki sokoni Homa Bay. Hakuwa msemaji. Tepu za kushikia magongo zilipokwisha na shule ikasema tungoje, aliomba tyubu kuukuu kwa watu wa bodaboda, akazikata vipande virefu vyembamba, akayafunga magongo yote kumi na manane jioni moja. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilipoyaona asubuhi nilimwambia tu kwamba la golikipa limelegea.

Alipokuwa kidato cha tatu tulikwenda mashindano ya kaunti mjini Migori, tukashinda. Magoli hakufunga yeye, lakini kila goli lilipita kwenye gongo lake kwanza. Tukawa tumepata nafasi ya kwenda Homa Bay kwenye mashindano ya mkoa. Nilirudi shuleni nikiwa nimejaa sifa, na siku ile ile nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa bwalo, juu kabisa, kwa herufi kubwa: WATAKAOBAKI. Chini yake nikaorodhesha wasichana tisa ambao wangekuwa nami mwaka ujao, wale wa kidato cha nne watakapokuwa wamemaliza. Nilitaka wajue kwamba tayari nimewafikiria. Kumi na Moja alikuwa wa kwanza.

Wakati wa chakula cha jioni, kapteni wetu alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu.

"Madam, tafadhali njoo. Watu wanalia kwa bwalo."

"Wamefanyaje?"

"Si umesema hawaendi Homa Bay? Umesema watabaki."

Nilifika nikakuta wasichana wangu tisa wamelaza vichwa juu ya meza, ugali haujaguswa. Wa kidato cha nne, ambao majina yao hayakuwa ubaoni, walikuwa wanajaribu kuwafariji huku nyuso zao zikiwaka kwa furaha ya kwamba wao wanasafiri. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu, kama mwalimu wa Kiswahili niliye, nikasimama mbele yao nikawapa somo. Kubaki, nikasema, kuna pande mbili. Mtu anaweza kubaki nyuma wengine wakienda, na mtu anaweza kubaki nasi wengine wakituacha. Hapa nimekusudia upande wa pili. Mzungumzaji mzuri, nikaongeza, humwondolea msikilizaji shaka.

Walicheka, wakala. Sikuufuta ubao. Nilipenda wauone kila siku wakipanga foleni ya chakula.

Siku chache baadaye tulidaiwa vyeti vya kuzaliwa vya wachezaji wa Homa Bay, na kwa mara ya kwanza nikaamua kuvipitia mwenyewe badala ya kumwachia karani. Sababu yake ilikuwa lile daftari langu. Nilitaka kuona ni nani ambao umri ungewaruhusu mwaka ujao. Nilikaa chumba cha walimu mchana, wenzangu wakiwa madarasani, nikavipanga vyeti mezani kimoja kimoja. Cha Kumi na Moja nilikisoma mara tatu. Mwaka huu alikuwa ndani ya umri. Mwaka ujao, siku ya mashindano, angekuwa ameupita kwa wiki saba.

Nilifungua daftari, nikalikata jina lake kwenye timu ya mwaka ujao. Hapo sikuwa na kosa, sheria ni sheria. Lakini mtu aliyezoea kuchora hawezi kuliacha tundu likae tupu, na jicho langu likaenda kwa msichana mwingine, wa kidato cha kwanza, aliyekuwa ameripoti majuzi tu kutoka Sori. Alikuwa mfupi, hajui kutulia, gongo lilimfika karibu na kifua. Mpira ukimfikia alikuwa nao tu, hata yeye hakujua amefanyaje. Nikamwandika winga wa kushoto wa mwaka ujao. Nikageuza ukurasa, nikamwandika tena. Angenichezea miaka mitatu baada ya huu. Ila hakuwahi kucheza mbele ya watu, na mchezaji hulelewa kwa mechi kubwa. Wanaoruhusiwa kusafiri ni kumi na sita. Mimi, pamoja na huyu mdogo, nilikuwa na kumi na saba.

Nimejaribu mara nyingi kuielezea hesabu niliyoifanya dakika ile ili isikike vizuri, na haisikiki. Niliwaza kwamba mechi za Homa Bay zikichezwa na mtu asiye na kesho kwenye timu yangu, zimepotea bure. Aliyetufikisha huko ndiye niliyemwona hana faida tena. Niliandika majina kumi na sita kwa mwandiko mzuri, la mdogo likiwemo na la Kumi na Moja likiwa halimo, nikampelekea naibu wa mwalimu mkuu kabla ya kengele ya chakula cha mchana.

Ilibaki kumwambia. Nilimwita nyuma ya stoo ya michezo kabla ya mazoezi. Alikuja na gongo mkononi na kipande cha tyubu mdomoni, alikuwa katikati ya kufunga.

"Madam."

"Majina ya Homa Bay yameenda," nikasema. "Wewe utabaki."

Alikitoa kile kipande mdomoni. Akatazama upande wa bwalo, ambako ubao wangu ulionekana kupitia dirishani.

"Nitabaki ile ya kwa bodi," akauliza, "ama nitabaki shule?"

Hata mwanafunzi wangu bora wa insha hangeuliza vizuri zaidi. Alikuwa amenifungulia mlango, kilichohitajika ni mimi kupita tu. Ningemwambia: shule, na mwaka ujao pia hutacheza, umri umekupita, na nimemchagua mwingine kwa sababu hiyo. Angelia, pengine angekwenda kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu angeniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Yote mawili," nikasema, nikacheka kidogo. "Mwaka huu nampeleka yule mdogo akaone watu. Wewe nimekuwekea mwaka ujao. Utakuwa kapteni, mpira wote utapitia kwako."

La ukapteni sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, na mara lilipotoka niliona uso wake umekunjuka, nikajisikia mtu mwema. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko uongo wenyewe. Nilijisikia mwema.

"Sawa, Madam," akasema. "Ni vile tu mama alikuwa anakuja kuniona. Yuko tu hapo Homa Bay. Basi nitamwambia ni mwaka ujao."

"Mwambie ni mwaka ujao."

"Huyo mdogo atatumia gongo gani?"

"Lako, kama utamwazima."

Aliliangalia gongo, akaanza kuifungua ile tyubu aliyokuwa ameifunga nusu. "Mkono yake ni kidogo," akasema. "Wacha nipunguze."

Siku ya safari alisimama langoni na wale wengine wasiosafiri. Basi lilipoanza kutembea nilitoa kichwa dirishani nikamwambia, kwa lugha ya kwetu, *dong' gi kuwe*. Ndiyo kawaida: anayeondoka humwambia anayebaki, baki kwa amani. Naye akajibu kama inavyopaswa, akitutakia sote safari njema. Mdogo alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu na gongo mapajani, ameshalala kabla hatujafika Rongo.

Homa Bay tulicheza mechi ya kwanza asubuhi, kwenye uwanja mkavu wenye upepo wa ziwani. Jezi namba kumi na moja ilimfika mdogo magotini. Tangu kipenga cha kwanza nilisikia mwanamke mmoja upande wa pili wa uwanja akishangilia peke yake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Mdogo akigusa mpira, mwanamke anaruka. Mdogo akianguka, mwanamke anashika kichwa. Nilifurahi, nikadhani tumepata shabiki wa bure. Dakika chache kabla ya mapumziko, mdogo alifunga goli, na mwanamke yule akavua leso yake ya kichwani akaipunga.

Wakati wa mapumziko alizunguka uwanja akaja mpaka kwangu, amebeba beseni dogo lililofunikwa kwa gazeti. Alikuwa anahema.

"Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ndio mama ya kumi na moja."

Nilimpa mkono. Aliwaangalia wasichana waliokaa kwenye nyasi wakinywa maji, mmoja mmoja, mara mbili.

"Huyu amevaa kumi na moja si wangu," akasema. "Nimepiga kelele hiyo yote kwa mtoto ya wenyewe. Nilikuwa najiambia, mbona amekuwa mfupi, hawa watoto wanakula nini huko shule. Wangu ako wapi? Hakuna habari nimepata. Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa, Mama. Amebaki shuleni."

"Amefanya makosa?"

"Hapana. Ni mtoto mzuri sana. Tumemwekea mwaka ujao. Mwaka ujao atakuwa kapteni."

Mara ya pili uongo huwa laini zaidi, umeshapata njia. Uso wa mama ulikunjuka kama ulivyokuwa umekunjuka wa binti yake nyuma ya stoo. Walifanana sana hapo.

"Kapteni," akasema. "Erokamano, japuonj." Alinishukuru mara tatu, na kila mara aliniita mwalimu. "Hata kama nimefunga biashara leo, si kitu. Hiyo mwaka ujao nitakuja na shangazi zake wote." Halafu akafunua gazeti. Ndani ya beseni mlikuwa na ngege wa kukaanga, wakubwa, bado wana joto. "Nilikuwa nimembebea yeye. Sasa wapatie hawa wengine. Na wewe ukule, mwalimu, usikae ukiangalia watoto tu."

Nilikula. Ningewezaje kukataa, naye amesimama pale akinitazama mdomoni. Nilikula samaki mzima mpaka kichwa, na alikuwa mtamu.

Tulifika nusu fainali tukatolewa, si kwa aibu. Walimu wa shule nyingine walinipongeza kwa kumleta mtoto wa kidato cha kwanza na kumwamini. Mmoja aliniambia nina jicho la mbali. Nilirudi Awendo na sifa hiyo, nikampelekea Kumi na Moja salamu za mama yake na beseni tupu, ambalo mama alisema lirudi kwake likizo ikifika. Aliniuliza kama mama alikasirika. Nikamwambia hapana, alifurahi sana. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Methali husema njia ya mwongo ni fupi, nami nimeifundisha miaka yote na kuwapa wanafunzi alama kwa kuieleza. Yangu ilikuwa ndefu. Ilipita muhula wa pili na wa tatu, na katika miezi hiyo yote Kumi na Moja alijitayarisha kwa mwaka ujao. Aliamka kabla ya wenzake akakimbia kuzunguka shamba la shule. Alikaa na mdogo Jumapili mchana, saa ile ile ambayo mimi nilikuwa nachora, akamfundisha kupokea mpira kwa gongo lililogeuzwa. Niliwaona kutoka kwenye ngazi yangu. Alikuwa anamwambia aweke goti chini zaidi, ashushe mkono wa kushoto, na mdogo alimfuata. Jina lake bado lilikuwa ubaoni kwenye bwalo, chaki imefifia, na kila nilipopita na kitambaa mkononi nilisema nitalifuta kesho. Mwishoni ni wapishi waliolifuta, walipotaka mahali pa kuandika ratiba ya maharagwe.

Mwaka mpya ulipofika na orodha ikatakiwa, nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema. Badala yake nikafanya jambo baya zaidi. Niliandika jina lake juu kabisa, nikaweka neno kapteni mbele yake, nikaambatanisha cheti ambacho nilikijua kwa moyo, nikatuma. Nilijua litarudi. Nilitaka lirudishwe na watu wengine, watu wa mbali, wenye mhuri. Lilirudi baada ya siku nne, limepigwa mstari mwekundu, pembeni wameandika umri. Waliokagua walifanya kazi yao sawasawa.

Niliisoma orodha mbele ya timu nzima, uwanjani, na nilisoma vizuri. Nilifika kwenye jina lake nikasita, nikainua nyusi. Wasichana waligutuka. Mmoja akasema hao watu wa ofisi ni wabaya, mwingine akasema wanapendelea shule za mjini, nami sikuwanyamazisha. Kumi na Moja alisimama na gongo limeegemea tumboni. Alikuwa amelifunga tyubu mpya.

"Hakuna mahali ingine ya kuomba, Madam?"

"Nitapiga simu," nikasema.

Nilikwenda nyuma ya stoo, pale pale, nikasimama na simu sikioni. Sikuwa nimempigia mtu. Nilisimama muda ambao mazungumzo ya namna hiyo yangechukua, nikatikisa kichwa mara mbili kwa ajili ya yeyote aliyekuwa akichungulia, kisha nikarudi. Nikasema wamekataa. Msichana mmoja akaguna kwamba pengine Madam hakusisitiza, na ni Kumi na Moja aliyemkatiza.

"Wachana na Madam," akasema. "Madam amejaribu."

Mazoezi yaliendelea. Aliokota mipira iliyotoka nje mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine.

Alimaliza shule mwaka huo. Mdogo akanichezea miaka yote niliyoichora, tukashinda tulivyoshinda. Daftari likajaa nikanunua jingine. Sikuacha kumkumbuka Kumi na Moja, lakini kumkumbuka mtu ni kazi nyepesi, haikutoi nyumbani.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Sasa yeye mwenyewe anafundisha wasichana wa huko kwao Karungu kucheza, kwa kujitolea, kwenye kiwanja cha mchanga kisicho mbali na ziwa. Alisema angependa nije nione, nimwambie pale anapokosea. Nilitafuta sababu ya kutokwenda na kwa mara ya kwanza sikuipata.

Nilimkuta amenenepa kidogo, kipenga shingoni. Wasichana ishirini na kitu walikuwa wanakimbia peku, magongo mengine ni ya kweli na mengine yamechongwa na fundi, yote yamefungwa tyubu. Alinipeleka kivulini kwenye benchi, akanipa soda, akakaa karibu nami. Baadaye akatoa karatasi mfukoni akaikunjua gotini. Ilikuwa karatasi ya miraba. Juu yake ameandika, kwa herufi kubwa kama zangu, WATAKAOBAKI.

"Si unaona, Madam? Napanga vile ulikuwa unapanga." Aliweka kidole juu ya jina moja lililokatwa kwa kalamu. "Huyu tu ndiye ananisumbua. Ndiye mzuri kuliko wote, na mwaka ujao atapita umri. Nimemwambia wiki jana."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Alinuna, hata mazoezi alikataa kuja siku tatu. Sasa amerudi, na mwaka huu ndiye nampea kila mechi." Alimwonyesha kwa kidevu, msichana mrefu upande wa kushoto. "Mimi niliambiwa na karatasi, Madam. Mbele ya watu. Niliapa sitafanyia mtoto hivyo. Lakini si makosa yako. Wewe ungejua, ungeniambia."

Nilikuwa na soda mkononi. Ningeweza kunywa, ningeweza kusema mambo ya zamani tuyaache. Alikuwa amenifungulia mlango tena, safari hii bila kujua.

"Nilijua," nikasema.

Hakugeuka. "Ulijua nini?"

"Umri wako. Nilikiona cheti kabla ya Homa Bay. Nilijua mwaka ujao hutacheza, ndiyo maana nikampeleka mdogo badala yako. Na ile simu sikupiga."

Mpira ulitoka nje ukaja mpaka miguuni petu. Aliusukuma kwa ubavu wa kiatu ukarudi kwa watoto. Midomo yake ilitembea kidogo kama ya mtu anayehesabu. Nilingoja anitukane. Nilitaka sana anitukane.

"Kabla ya Homa Bay," akasema. "Kwa hivyo mama akikupatia samaki, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Alihadithia watu sokoni mwaka mzima. Ati mimi ni kapteni."

Nikasema nisamehe, na likasikika dogo kama lilivyokuwa. Yeye aliikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, taratibu, akairudisha mfukoni. Akasimama, akapangusa mchanga kwenye suruali, akashika kipenga.

"Wacha niende kwa watoto," akasema. Halafu, kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo akiwa kidato cha tatu, akaongeza, "Basi baki salama, Madam."

Mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Gari langu lilikuwa barabarani, mimi ndiye niliyepaswa kuinuka na kumwambia yeye maneno hayo. Lakini alishayasema. Akashuka uwanjani bila kugeuka, akapiga kipenga, watoto wakamkimbilia, nami nikabaki.